Wa Kike au wa Kiume? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Michezo na Vitu vya Kuchezea kwa Wazazi wa Mwanza

Ukisimama mbele ya meza ya midoli maeneo ya Makoroboi siku za kuelekea Krismasi au Idi, swali la kwanza la muuzaji ni hilo: "Wa kike au wa kiume?" Umri unafuata baadaye, na mara nyingine hauulizwi kabisa. Ukisema wa kike, unaoneshwa mdoli mwenye nywele ndefu, vyombo vya jikoni vya plastiki, kitana na kioo. Ukisema wa kiume, unaletewa gari, roboti na bunduki ya maji. Waridi imekaa upande huu, bluu na nyeusi upande ule. Unalipa, mtoto anafurahi, mnapanda daladala kurudi nyumbani.

Shida inaanzia hapo, kwa sababu mtoto hujifunza kwa kucheza muda mrefu kabla hajajua kushika kalamu. Anayepanga na kubomoa anazoea maumbo na vipimo. Anayembembeleza mdoli anajifunza kusoma hisia za mwenzake na kuzitafutia maneno. Anayekimbia, kuruka na kurusha anaujenga mwili na kujiamini. Tukiwapa wasichana fungu moja la michezo hiyo na wavulana fungu jingine, kila mmoja anakua na pengo lake, na pengo hilo tumelilipia kwa fedha zetu wenyewe.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, shangazi, mjomba au mwalimu wa awali, awe Nyakato, Buhongwa au kijiji cha wavuvi Ukerewe. Haumtaki mtu amnyang'anye binti yake mdoli. Unataka kila mtoto apate kulea, kujenga, kukimbia na kufikiri, vyote.

Kabla ya kuanza: kipi cha maumbile, kipi cha biashara

Tofauti zipo, na mzazi mwenye watoto wa jinsia zote mbili ameziona. Kwa wastani wavulana hupenda zaidi mieleka, kukimbizana na vitu vya magurudumu. Wasichana kwa wastani huvutwa zaidi na midoli na michezo ya kuigiza nyumba. Sehemu ya tofauti hiyo ina mizizi mwilini. Wako wasichana wanaozaliwa na hali ya tezi za juu ya figo kutoa homoni za kiume kwa wingi tangu wakiwa tumboni, na tafiti mbalimbali zimeonesha kwamba huchagua magari na vitu vya kujenga kuliko dada zao wasio na hali hiyo. Mwaka 2002 watafiti Gerianne Alexander na Melissa Hines walichapisha utafiti wa tumbili waliopewa vitu vya kuchezea. Madume walikaa zaidi na gari na mpira, majike wakakaa zaidi na mdoli na sufuria. Tumbili hawajaona tangazo lolote la televisheni.

Lakini hayo ni mambo ya wastani. Ndani ya darasa moja la awali pale Igoma utamkuta binti anayewashinda wavulana wote kwa danadana, na mvulana ambaye raha yake ni kukaa pembeni akipanga vyombo. Mtoto wako ni mmoja, hana wastani.

Juu ya mbegu hiyo ndogo ya maumbile, sisi watu wazima tunaongeza mengi bila kujijua. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Uingereza, Caroline Smith na Barbara Lloyd, waliwaomba akina mama wacheze na watoto wachanga wasiowajua. Mtoto yule yule akivalishwa na kuitwa jina la kike, akina mama walikuwa wepesi kumpa mdoli. Akiitwa jina la kiume, alipewa nyundo ya kuchezea na kuhimizwa atumie nguvu za mwili. Watoto nao wanashika maneno yetu haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 na Carol Martin na wenzake ulionesha kwamba hata kitu kizuri cha kuchezea hupoteza mvuto pale mtoto anapoambiwa ni cha jinsia nyingine. Kitu hakijabadilika chochote. Lililobadilika ni neno la mkubwa.

Biashara ikalijua hilo. Rangi zenyewe hazina ukale tunaoudhani: mwaka 1918 gazeti moja la biashara ya nguo za watoto nchini Marekani liliandika kwamba waridi ni ya wavulana na bluu ni ya wasichana. Katika katalogi ya mwaka 1975 ya Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, kama alivyoonesha mtafiti Elizabeth Sweet, vitu vilivyotangazwa waziwazi kuwa vya kike au vya kiume havikufika asilimia 2. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ililegeza kanuni za matangazo katika televisheni ya watoto. Kampuni za midoli zikaanza kutengenezewa vipindi vizima vya kuuza bidhaa zao, hivi vya wavulana, vile vya wasichana, na mgawanyo ukazidi kuwa mkali mwaka hadi mwaka. Mantiki yake ni nyepesi. Baiskeli nyekundu dada akiiacha, mdogo wake wa kiume anairithi. Baiskeli ya waridi yenye maua hairithiki, baba inabidi anunue nyingine. Kugawanya watoto ni kuuza mara mbili.

Huko huko ilikotoka, hali imeanza kugeuka. Uingereza kampeni ya wazazi iitwayo Let Toys Be Toys ilianza mwaka 2012 kuyabana maduka yaondoe vibao vya kike na kiume. LEGO, kampuni ya Denmark ya matofali ya kupachika, ambayo mwaka huo huo wa 2012 ilitoa toleo lake la wasichana, ilitangaza mwaka 2021 kwamba itaondoa ubaguzi wa kijinsia katika bidhaa na matangazo yake. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2021, ikaanza kazi mwaka 2024, inayoyataka maduka makubwa yawe na sehemu ya vitu vya kuchezea isiyobagua jinsia. Makontena yanayotushukia sisi bado yamejaa maboksi ya fikra za zamani. Kwa hiyo kazi ya kuchambua inabaki mikononi mwa mnunuzi.

Hatua ya 1: Pima muda kabla hujanunua chochote

Mjadala wa waridi na bluu umetoka katika nchi ambako karibu kila mtoto ana muda wa kucheza. Kwetu tofauti kubwa kuliko zote haiko dukani, iko kwenye saa. Naiweka mbele makusudi, kwa sababu mzazi anaweza kununua vitu vizuri vya nchi nzima na binti yake asivishike.

Tazama nyumba nyingi za pembezoni mwa ziwa jioni. Binti wa miaka tisa akirudi shule anavua sare na kuchukua ndoo. Anaosha vyombo, anageuza dagaa waliotandazwa kwenye chanja, anabebeshwa mdogo wake mgongoni. Kaka yake anatumwa dukani mara moja, akitoka hapo yuko kwenye chandimu mpaka giza linaingia. Binti naye anacheza, ila anacheza na mtoto mgongoni, hatua chache kutoka mlangoni, mchezo anaoweza kuuacha katikati pindi akisikia jina lake. Ndiyo maana wasichana wengi ni mabingwa wa mdako na ukuti ukuti, wakati uwanja mpana na mteremko wa mawe ni mali ya wavulana. Tukishaona hivyo tunasema wasichana hawapendi kukimbia.

Fanya hivi. Chukua daftari, kwa wiki moja andika kila jioni kila mtoto alicheza muda gani, wapi, na aliitwa mara ngapi akiwa mchezoni. Usiwaambie watoto. Jumamosi na Jumapili ziandike peke yake, maana ndizo siku za kufua. Mwisho wa wiki weka hesabu ya binti na ya mvulana ubavu kwa ubavu.

Kisha gawa kazi upya kabla ya kugawa midoli. Mvulana wa miaka minane anaweza kuosha vyombo, kufagia uwanja na kumbembeleza mdogo wake. Wala hapotezi kitu. Mwanaanthropolojia Carol Ember alichapisha mwaka 1973 utafiti wake juu ya wavulana wa Kijaluo wa Oyugis, Kenya, katika ukanda huu huu wa Ziwa Victoria. Baadhi yao, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na dada wa umri unaofaa, walipewa kazi zinazohesabiwa kuwa za kike. Aliona kwamba tabia zao kwa wenzao zilikaribiana na za wasichana kuliko zilivyokuwa za wavulana wengine, hasa kwa wale waliofanya kazi za ndani ya nyumba. Ulezi unafundishika, na shule yake ni kulea.

Lengo la hatua hii ni dogo na linapimika: kila mtoto apate angalau saa moja ya kucheza kila siku bila kuitwa. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inautaja mchezo kuwa haki ya mtoto. Ni haki ya binti pia.

Hatua ya 2: Kagua michezo waliyonayo tayari

Kabla ya kufungua pochi, angalia kilichopo uani. Uliza swali moja kwa kila mchezo: mtoto anafanya nini hapa kwa mikono, kwa miguu na kwa akili?

Rede inadharauliwa kuwa ni ya wasichana. Wawili wanasimama ncha mbili na mpira wa soksi, aliye katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, na asipigwe. Hapo kuna shabaha, wepesi, kupanga muda na ujasiri wa kuinama wakati mpira uko hewani. Mvulana anayetaka kuwa golikipa angepata faida kubwa huko. Mdako nao: unarusha kijiwe juu, kabla hakijatua umekwisha kokoa vijiwe kutoka kwenye kishimo na kurudisha vingine, ukibakiza kimoja, raundi inayofuata viwili, kisha vitatu. Huo ni ujumlishaji na utoaji unaofanywa kwa kasi ya jiwe linaloanguka, na sijui kwa nini walimu wetu wa darasa la kwanza hawautumii kila siku.

Gololi zina shabaha, pembe na mikwaruzano ya kudai haki, na binti akishazishika anajifunza kushinda na kushindwa hadharani. Magari ya waya na ya makopo ni uhandisi. Kombolela iko salama, tangu zamani imechanganya wote. Isolo, bao la Wasukuma, ni hesabu na subira. Kama yupo mzee mtaani anayelicheza, mpelekee watoto wote, na mwombe amkalishe binti kwenye bao badala ya kumwacha amesimama akitazama.

Ukimaliza ukaguzi utagundua kila mtoto ana tundu lake. Wasichana wengi wanakosa kujenga na kukimbia mbali. Wavulana wengi wanakosa kulea, kuigiza maisha ya nyumbani na kazi ndogondogo za vidole. Tundu hilo ndilo orodha yako ya manunuzi.

Hatua ya 3: Namna ya kununua

Ukifika mezani, jibu swali la muuzaji kwa namna nyingine. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Karibu mama. Wa kike au wa kiume?"

"Ana miaka minne, kaka yangu. Anapenda kufungua na kuunganisha vitu. Una nini cha kujenga?"

"Kuna matofali haya ya kupachika. Ila ya wasichana ni hili boksi la pinki."

"Haya, niwekee yote mawili hapa nihesabu vipande."

Hesabu kweli. Mara nyingi boksi moja lina vipande vingi vidogo vya kujengea chochote, na jingine lina nyumba iliyokwisha tengenezwa kiwandani, mlango na dirisha vikiwa tayari, kazi ya mtoto ikiwa ni kumuweka mdoli ndani. Bei zinaweza kufanana, lakini la kwanza linampa mtoto kazi ya miezi na la pili la siku mbili. Usimgombeze muuzaji, anauza kinachotoka. Wateja wakiuliza hivi mara kwa mara, atakwenda kuleta kinachoulizwa.

Pima kila kitu kwa maswali matatu. Mtoto atafanya kitendo gani? Kinachezeka kwa namna zaidi ya moja? Wawili wanaweza kukichezea pamoja? Roboti linalowaka taa na kuimba lenyewe linafeli yote matatu, kwa sababu mtoto anageuka mtazamaji. Mpira, kamba ya kuruka, chaki, matofali ya mbao na vyombo vya kupikia vinapita.

Picha za vipande, zile anazopanga mtoto mpaka zikamilike, nazipa nafasi ya pekee kwa mabinti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Susan Levine, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kuwafuatilia watoto tangu miaka miwili hadi minne. Waliocheza na picha hizo walifanya vizuri zaidi baadaye katika kuzungusha maumbo kichwani. Wavulana walikuwa wakichezea picha ngumu zaidi. Kwa hiyo ukimnunulia binti, chukua ngumu kidogo kuliko unayodhani anaiweza, kisha kaa naye useme "geuza", "inamisha", "ukingo uko wapi?" Huna fedha? Bandika ukurasa wa kalenda ya zamani juu ya boksi gumu, kata vipande kumi na viwili, imekwisha.

Kuhusu rangi, sheria yangu ni fupi: kitu kikubwa cha kudumu, yaani baiskeli, begi, mpira, kiti, kichukue chekundu, kijani au njano ili kirithiwe na yeyote. Vitu vidogo mwache mtoto achague. Kama anataka waridi, apewe waridi bila kununiwa. Utafiti wa Vanessa LoBue na Judy DeLoache wa mwaka 2011 ulionesha kwamba wasichana huanza kuchagua waridi kwa wingi wakifikia takriban miaka miwili na nusu, na wavulana huikwepa zaidi kadiri wanavyokua. Ni umri wa kutafuta "mimi ni nani", na unastahili upole.

Mitumba ina baraka yake hapa. Midoli na magari ya marobota, ukivipata Mlango Mmoja au kwa machinga anayepita mtaani, vimekwisha vuliwa maboksi, hakuna picha ya msichana wala mvulana inayomwelekeza mtoto. Vya nguo vifue kwa maji ya moto na kuvianika juani hadi ndani vikauke. Vya plastiki visugue kwa sabuni.

Usalama usiuache. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, chukua kile kibomba cha karatasi kinachobaki katikati ya toileti pepa: kitu chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba, kikae mbali naye. Gololi na macho ya mdoli yaliyolegea yamo. Angalia betri ndogo za duara, kama kifuniko chake hakina skrubu usinunue. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili, na hapo ni kukimbilia hospitali bila kungoja dalili.

Hatua ya 4: Tengenezeni wenyewe, wote kwa pamoja

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu kitu kilichotengenezwa nyumbani hakina boksi la kusema ni cha nani. Mwite binti kwenye gari na mvulana kwenye mdoli, angalau mara ya kwanza.

Gari linahitaji dumu tupu la mafuta ya kula la lita moja, ndala zilizochakaa, spoku mbili za baiskeli na kipande cha tyubu. Mtoto aweke kizibo kikubwa juu ya ndala, achore miduara minne, mkubwa aikate kwa kisu kikali. Sasa inakuja kazi yenyewe: kupata katikati ya gurudumu. Chora duara kama lile kwenye karatasi, likate, likunje mara mbili. Mikunjo inapokutana ndipo katikati. Lilaze karatasi juu ya ndala, choma alama kwa msumari. Mwache mtoto atoboe gurudumu moja kwa kukadiria kwa macho na mengine kwa karatasi. Akilisukuma gari ataona lile la kukadiria linavyoyumba, na hatahitaji maelezo yako.

Tobolea dumu matundu manne kwa msumari uliopashwa moto (kazi ya mkubwa), yakiwa kimo kimoja pande zote mbili, la sivyo gari litakwenda upande. Pitisha spoku, vesha magurudumu, kisha funga vipande vya tyubu nje ya kila gurudumu lisichomoke. Kata dirisha juu ya dumu, hapo ndipo bodi ya kubebea mzigo. Mwanza tuna miteremko ya bure kila mtaa. Wekeni ubao kwenye jiwe, jaribuni gari likiwa tupu, likiwa na mchanga, likiwa na kokoto. Muulize binti: "Limekwenda mbali zaidi lini? Unadhani kwa nini?" Subiri jibu lake, hata likichelewa.

Mdoli ni wa mabaki ya vitenge, fundi cherehani yeyote anayo mfuko mzima na hukupa bure ukimwomba vizuri. Gunzi la hindi linatosha kuwa mwili. Mvulana ashone nguo kwa sindano kubwa na uzi wa rangi, aweke vifungo viwili. Vidole vinavyoshona ndivyo vitakavyoandika mwandiko unaosomeka. Kama mama ni mjamzito, mdoli huyo ni wa maana zaidi: mfundishe mvulana kushika shingo, kubeba, kupangusa, kuongea kwa sauti ya chini. Mdogo wake akizaliwa, anamkuta kaka aliyekwisha jiandaa.

Kwa watoto wa ufukweni, jengeni soko la samaki kama Mwaloni. Mtumbwi ni wa mabua ya mahindi, tanga ni mfuko, samaki ni majani. Binti awe nahodha na mvulana awe muuza dagaa anayepanga mafungu na kurudisha chenji. Baada ya nusu saa wabadilishane. Watoto huigiza wanachokiona, na kwa kuwa wanaona baba ziwani na mama mezani, hawabadilishi wenyewe mpaka mtu mzima aseme, "Haya, zamu imegeuka." Jengeni mchangani, mbali na mahali maji yanapofika. Konokono wa maji ya pembeni wanaeneza kichocho, na mtoto anayekaa ndani ya maji yaliyotulia akichezesha mtumbwi yumo hatarini, awe amekwenda kuogelea au kufua.

Hatua ya 5: Chunga maneno ya nyumbani

Sentensi moja ya mjomba inaweza kufuta kazi ya mwezi. Kaa na wakubwa mapema, faragha, kwa heshima. Kwa bibi, kwa mfano:

"Shikamoo bibi. Nilikuwa nakuomba jambo. Mjukuu wako akishika mdoli, usimwambie atakuwa msichana."

"Marahaba. Sasa mwanangu, mtoto wa kiume na mdoli wapi na wapi?"

"Bibi, wewe ulilea wangapi? Ungependa huyu akija kuwa baba ajue kumshika mwanawe, au akae anamwita mkewe?"

Bibi wengi hulielewa hilo kwa haraka kuliko vijana, kwani wamebeba mzigo huo peke yao miaka mingi. Mdoli haumgeuzi mvulana jinsia. Unamzoesha kazi ya ubaba.

Maneno mengine yanaponyoka bila kujua. Badala ya kumsifia binti kuwa mrembo na mvulana kuwa jembe, msifie kila mmoja alichofanya: "Umeufunga huo waya ukakaza", "Umembembeleza mdogo wako hadi kalala". Na mkigombana kuhusu tangazo kwenye televisheni au simu, muulize mtoto: kwa nini wameweka wavulana tu kwenye hilo gari? Watoto wa miaka sita wana majibu makali kwa swali hilo.

Hatua ya 6: Ongea na mwalimu wa awali

Madarasa mengi yana kona ya jikoni na kona ya kujenga, na watoto hujigawa wenyewe. Mwombe mwalimu asogeze kona hizo ziwe moja: matofali yakikaa jirani na vyombo, mgahawa unahitaji kujengwa, na wajenzi wanahitaji kula. Aache pia kupanga mistari na timu kwa wavulana dhidi ya wasichana, agawe kwa herufi ya jina au mwezi wa kuzaliwa. Mpira wa mapumziko uwe na siku za rede kwa wote. Haya hayana gharama yoyote, kwa hiyo usikubali jibu la bajeti.

Mtoto akikataa

Usilazimishe. Binti aliyepewa gari akalivalisha kitenge na kulilaza kama mtoto hajakosea, kesho yake mwambie mtoto wake huyo anataka kwenda kliniki, barabara iko wapi? Anza na anachokipenda, kisha ongeza kitendo kinachokosekana. Anayependa midoli aijengee nyumba ya matofali ya udongo yenye paa lisilovuja ukimwagia maji. Anayependa magari awe na gari la wagonjwa, kisha amuulize mgonjwa anaumwa wapi na kumfariji njiani. Vitu vikiwa vingi, ficha nusu kwenye boksi na uvitoe baada ya wiki kadhaa, vitakuwa vipya tena.

Mvulana anayetaka mdoli huku akiogopa kuchekwa ni mgumu zaidi, na anahitaji mwanamume upande wake. Baba, au baba mdogo kama ndiye aliyepo, akae naye mkekani, amvalishe mdoli nguo, amuulize mtoto amepewa jina gani. Wachezee ndani siku za kwanza kama ndivyo mtoto anavyotaka. Na rafiki zake wakiingia ghafla wakaanza kucheka, baba asiuweke mdoli chini. Aendelee kuubeba, awakaribishe, na awape kazi: huyu achote maji ya kumwogesha, yule atafute kipande cha kanga cha kumfuta.